Anayewaangalia Watoto, Yeye Anaangaliwa na Nani?



Wiki hii naweka pembeni viwavijeshi, mbegu na bei ya mpunga. Nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaifanya bila kuiita kazi: kumsimamia mtu anayeangalia watoto.

Najua utasema, "Bwana shamba leo amepotea njia, hayo ni mambo ya ustawi wa jamii." Subiri kidogo. Kama wewe ni mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, kuna kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto unayoiongoza au kufanya nayo kazi. Kama umefungua kituo cha kulelea watoto wadogo hapa Mamba, Majimoto au Usevya, una walezi uliowaajiri. Kama kikundi chenu cha akina mama kinampa mwenzenu mmoja kitu kidogo abaki na watoto wakati wengine mnapalilia, mna mlezi. Na kama una duka au mgahawa, na asubuhi unamwachia dada wa kazi mtoto nyumbani mpaka jioni, basi na wewe ni msimamizi. Tofauti yako na mkurugenzi wa mjini ni kwamba yeye ana ofisi na wewe huna.

Sasa jiulize swali moja. Mara ya mwisho ulikaa na mtu huyo, ukamuuliza juu ya mtoto na juu yake mwenyewe, ilikuwa lini?

Kwa nini nalileta hili kwenu wakulima

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Kwa nchi nzima walikuwa 27 katika kila 100. Katika kipimo hicho tulikuwa mkoa wa kwanza Tanzania, na si jambo la kupigiwa vigelegele.

Wewe unajua kama ninavyojua mimi kwamba mengi ya hayo hufuata kalenda ya shamba. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege hawalali, na mtoto anapelekwa bondeni kuamia. Wengine wanachunga ng'ombe mbali na nyumbani. Wazazi wanahamia kwenye vibanda vya mashambani na kumwacha binti mkubwa na wadogo zake kijijini, au wanamwacha binti shambani na wao wanarudi kijijini. Mavuno yakitoka, fedha inaingia, wageni wanaingia, na pombe nayo inaingia. Katika miezi hiyo mtoto anaweza kupotea machoni pa watu bila mtu yeyote kupiga yowe.

Serikali iliona hilo. Mpango wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, ulianza mwaka wa fedha 2017/18, na ukaelekeza kamati za ulinzi ziundwe kuanzia taifa, mkoa na halmashauri mpaka kata na kijiji. Kabla ya hapo, katika miaka ya 2000, Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kilishaanza kuwafundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii wa kufanya kazi vijijini, kwa sababu maafisa wenye shahada walikuwa wachache mno.

Kwa hiyo watu wapo. Wengi ni wakulima wenzako, hawana mshahara, na wanabeba habari nzito za nyumba za majirani. Wanapewa semina, wanapewa fomu, halafu wanaachwa. Shida ninayoiona iko hapo, kwenye kuachwa.

Mama mmoja wa kamati

Katika kijiji kimoja cha ukanda wetu nilikuwa nazunguka kuangalia mashamba ya mpunga na mama mmoja ambaye shamba lake ni la mfano. Ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa watoto. Tukiwa kwenye tuta akaniambia, "Bwana shamba, mimi najua mambo ya watoto wa kijiji hiki ambayo hata mume wangu sijamwambia."

Nikamuuliza, "Sasa mama, unamwambia nani?"

"Nani ataniuliza? Wakija wanauliza fomu."

Alikuwa na binti wa darasa la sita kwenye orodha yake. Fomu ilisema "anaendelea vizuri", na ilisema hivyo mara tatu mfululizo. Lakini yule mama hakuwa amemwona binti huyo kwa wiki nyingi. Binti alikuwa bondeni akiamia ndege kwenye shamba la ndugu, na ndugu huyo alikuwa shemeji yake mama. Alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba mambo ya ukoo ayaache kama yalivyo. Mama akaogopa. Akaandika "anaendelea vizuri" kwa sababu ndilo neno pekee ambalo halikumletea ugomvi.

Naomba usimlaumu haraka. Mama yule hakuwa mvivu wala hakuwa mwongo wa tabia. Alikuwa peke yake. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali ambalo jibu lake lisingeweza kuwa "anaendelea vizuri".

Kwa ruhusa yake nilizungumza na mwenyekiti wake wa kijiji. Nikampa swali ambalo mimi mwenyewe nililirithi kazini. Nimepitia mikononi mwa wasimamizi wa aina mbili. Wa kwanza alikuwa anakuja kwa pikipiki, anasaini kitabu cha wageni, anauliza "Taarifa ya mwezi iko wapi?" na anaondoka kabla vumbi halijatulia. Kwake nilijifunza kuandika taarifa nzuri. Wa pili alikuwa anauliza, "Shamba hili ulilikanyaga lini?" Halafu anasema, "Haya, twende." Kwake nilijifunza kilimo.

Mwenyekiti akaliuliza swali hilo kwa namna ya watoto: "Mama, binti huyu ulimwona kwa macho yako lini?" Mama akanyamaza, kisha akasema yote. Siku iliyofuata walikwenda bondeni wawili, mwenyekiti na yeye. Walimkuta binti analala kibandani na mdogo wake wa miaka saba, bila mtu mzima, jirani na kambi ya vibarua wanaume. Alikuwa mzima, hajadhurika. Shemeji hakufurahi, lakini mbele ya mwenyekiti alikubali kuweka mtu mzima wa kuamia, na watoto wakarudi kwa mama yao mdogo kijijini. Binti alirudi darasani akiwa nyuma ya wenzake kwa masomo. Kuanzia hapo familia ile ikapewa mjumbe mwingine asiye na undugu nayo.

Hakukuwa na gari la halmashauri wala posho. Kulikuwa na swali moja na safari moja ya miguu.

Hata London walikwama hapo hapo

Usidhani tatizo hili ni la vijijini kwa kuwa hatuna ofisi wala kompyuta. Wenye vyote hivyo nao liliwashinda, na aliyelipa ni mtoto wa Kiafrika.

Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire mwaka 1991. Alipokuwa bado mtoto mdogo, shangazi wa baba yake aliwaambia wazazi kwamba atampeleka Ulaya akasome. Wazazi wakakubali, kama ambavyo wewe au mimi tungeweza kukubali ndugu akituahidi kumsomesha mtoto mjini. Alipitishwa Ufaransa, na mwaka 1999 akafikishwa London, akiitwa kwa jina lisilo lake. Huko London shule hakupelekwa. Aliteswa na huyo bibi pamoja na mwanamume aliyeishi naye, na tarehe 25 Februari 2000 akafariki akiwa na miaka minane. Mwilini mwake zilihesabiwa alama 128 za majeraha.

Inayouma zaidi ni kwamba Victoria hakuwa amefichwa. Ofisi za ustawi wa jamii za maeneo kadhaa ya jiji, polisi na hospitali mbili walikuwa wanamjua. Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi na kutoa ripoti Januari 2003, alitaja nafasi 12 ambazo mtoto huyo angeweza kuokolewa zikapotea. Ofisa mmoja wa ustawi aliyekuwa na jukumu la Victoria alikutana naye mara chache tu, na muda wote aliokaa naye haukufika nusu saa. Mkubwa wake hakulisoma jalada la mtoto sawasawa, wala hakumuuliza kwa kina alichokiona na kile ambacho hakukiona.

Laming hakumwangushia mzigo wote yule ofisa wa chini. Alisema lawama kubwa zaidi ni ya wakubwa, waliokuwa wanalipwa ili kuhakikisha kazi inafanyika na hawakwenda kuangalia. Mwaka uliofuata, 2004, Uingereza ikatunga sheria mpya ya watoto.

Nimeleta habari hii kwa sababu moja. Yule mama wa bondeni na yule ofisa wa London walikuwa na shida ile ile. Kila mmoja alibeba habari ya mtoto peke yake, na aliye juu yake aliridhika na karatasi.

Mafiga matatu

Chungu hakikai kwenye figa moja. Mwalimu mmoja wa Marekani aitwaye Alfred Kadushin aliandika kitabu mwaka 1976 juu ya usimamizi katika kazi ya ustawi wa jamii, na mpaka leo vyuo vingi vinafuata mgawanyo wake. Alisema msimamizi ana kazi tatu. Mimi naziita mafiga.

Figa la kwanza ni kuhakikisha kazi inafanyika. Mtoto aliyepaswa kutembelewa ametembelewa. Aliyepaswa kupelekwa zahanati amepelekwa.

Figa la pili ni kufundisha. Mlezi hajui kila kitu. Anaweza asijue namna ya kuzungumza na mtoto mwenye woga, au aone kovu asijue linamaanisha nini. Msimamizi anamwonyesha, au anamtafutia anayejua.

Figa la tatu ni kumbeba anayebeba. Kazi hii inachosha roho. Mtu anayesikia habari za watoto kupigwa na kunajisiwa, kisha anarudi nyumbani kupika ugali kama vile hakuna kitu, atavunjika siku moja asipopata pa kutua mzigo. Akivunjika ataacha kazi, au ataendelea kuwepo huku moyo umekufa ganzi. Huyo wa pili ni hatari zaidi kwa watoto.

Wengi wetu tunatumia figa la kwanza tu, tena kwa ukali. Ndiyo maana chungu kinapinduka.

Namna ya kufanya: hatua saba

Hizi hatua hazihitaji bajeti. Zinahitaji daftari, kalamu na nidhamu ya siku.

*1. Weka siku, na siku iwe siku.* Kila baada ya wiki mbili inatosha. Chagua siku isiyo ya mnada wala gulio. Kaeni saa moja. Sisi wa ugani tuna kumbukumbu ya jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilifuata mfumo wa ugani uliopigiwa chapuo na Benki ya Dunia, wa kufundisha na kutembelea, ambao ratiba yake ilizunguka kwenye wiki mbili mbili. Mfumo ule ulikuwa na kasoro: gharama kubwa, na ujumbe mmoja kwa wakulima wote bila kuwasikiliza. Lakini ratiba yake isiyobadilika ilikuwa na faida. Mtu akijua utakuja Alhamisi, anakuwekea maneno mpaka Alhamisi. Ukija siku ya matatizo tu, atajifunza kuyaficha matatizo.

*2. Kaeni faragha.* Usimsimamie mlezi mbele ya baraza, wala kilabuni, wala dukani wateja wakisikiliza. Jina la mtoto halitajwi hadharani. Kijijini neno halina breki. Mkisikika leo, kesho mtoto anachekwa kisimani na mzazi anakuja na fimbo.

*3. Uliza juu ya mtoto mmoja mmoja.* Usiulize "Watoto wanaendeleaje?" Swali hilo lina jibu moja tu nalo ni "salama". Uliza hivi:
- Ulimwona kwa macho yako lini?
- Mlikuwa wapi, na nani mwingine alikuwepo?
- Yeye mwenyewe alisema nini, kwa maneno yake?
- Anakula wapi, analala wapi, analala na nani?
- Shuleni ameonekana siku ngapi wiki hii?
- Kuna jambo gani hulielewi juu ya mtoto huyu?

Swali la mwisho ndilo zito. Linamruhusu mlezi kusema "sijui" bila kuaibika. Palipo na ruhusa ya kusema "sijui", hakuna haja ya kuandika "anaendelea vizuri".

*4. Uliza juu yake mwenyewe.* Nani amekutisha? Kuna nyumba unaogopa kuingia? Kuna familia ambayo una undugu nayo, au deni nayo? Usiku unalala? Ukiona mlezi ana undugu au deni na familia, mbadilishe bila kumgombeza. Na kama mtuhumiwa ni ndugu yako wewe msimamizi, au ni mteja wako mkubwa, wewe ndiye ukae pembeni. Mpe mwingine shauri hilo na uliandike kwenye daftari.

*5. Andikeni mlichokubaliana.* Tarehe, mtoto gani, nini kitafanyika, nani atafanya, kabla ya siku gani. Mistari mitatu inatosha. Daftari likae mahali pa kufungwa kwa kufuli. Mkikutana tena, fungueni ukurasa uliopita kwanza. Msimamizi ambaye haulizi alichoagiza wiki mbili zilizopita anamfundisha mwenzake kwamba maagizo yake ni maneno ya kupitisha muda.

*6. Nenda naye.* Angalau mara moja kwa mwezi fuatana na mlezi kwenye kazi yake. Ukifika, nyamaza. Kazi ni yake, usimnyang'anye mbele ya familia. Angalia anavyopiga hodi, anavyokaa, kama anazungumza na mtoto au anazungumza na wakubwa tu huku mtoto amesimama mlangoni. Njiani mkirudi mwambie alichofanya vizuri, halafu jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Mambo saba kwa siku moja ni mzigo, hakuna atakachokishika.

*7. Pima mzigo.* Debe likijaa humwagika. Mjumbe mwenye familia 20 za kufuatilia na ekari tatu za mpunga hatazifuatilia. Afadhali familia tano anazozifikia kuliko 20 zilizoko kwenye karatasi. Msimu wa kuvuna ukikaribia, gawaneni upya mapema, tena mpange nani atapita vibandani.

Kwako mwenye duka na mwenye kituo

Wewe unayemwachia dada wa kazi mtoto, hatua hizo zinakuhusu, kwa kipimo cha nyumba yako. Jioni ukirudi, kabla hujauliza kwa nini sufuria imeungua, keti naye dakika kumi. Muulize mtoto amekula nini, amelia saa ngapi na kwa nini, nani alikuja nyumbani. Muulize na yeye amekula nini. Dada anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri hawezi kuwa na subira na mtoto wako saa nane mchana, na siku subira ikiisha, atakayeumia ni mwanao.

Kumbuka pia kwamba dada mwenyewe anaweza kuwa mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na hairuhusiwi kumfanyisha kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo kama dada yako ana miaka 15, una watoto wawili wa kuwaangalia nyumbani mwako: uliyemzaa, na huyo anayemlea uliyemzaa. Wazazi wake nao wanalala wakiamini kuwa kuna mtu mzima anayemwangalia binti yao, na mtu huyo ni wewe.

Mwenye kituo cha kulelea watoto, sheria inataka kituo kisajiliwe, kwa hiyo anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Lakini cheti ukutani hakimwangalii mtoto. Ingia darasani wakati wa chakula na wakati wa kulala, bila kutangaza. Jua mlezi mmoja ameachiwa watoto wangapi. Mlezi mpya asiachwe peke yake mpaka umemwona anavyofanya. Na mlezi akikuletea lawama juu ya mlezi mwenzake, usimwambie "msiniletee umbea". Msikilize kwanza. Ukimzima leo, kesho atayaona makubwa na atanyamaza.

Mambo yasiyosubiri wiki mbili

Yapo mambo ambayo hayangoji siku ya kikao, na mlezi wako ayajue kwa kichwa. Mtoto amebakwa au amelawitiwa, amejeruhiwa, amepotea, anataka kuozeshwa, au anasema mwenyewe anaogopa kurudi nyumbani. Hapo ni siku hiyo hiyo.

Mwambie mtendaji wa kijiji, na mfikishe mtoto kituo cha afya na polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto pale lilipo. Kama ni ubakaji, afike kituo cha afya haraka, bila kuvuka saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi haifanyi kazi ikichelewa zaidi ya hapo. Asiogeshwe kwanza na nguo zisifuliwe. Namba 116 ni ya kupokea taarifa za watoto na kupiga ni bure. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya eneo lake. Kumaliza jambo la namna hiyo kwa mbuzi wawili na kikao cha wazee ni kumwacha mtoto alipo na kumpa mkosaji nafasi ya pili.

Na siku kama hiyo ikipita, msimamizi, usimwache mlezi wako aende nyumbani peke yake. Kaa naye kidogo. Mpe maji ya kunywa. Muulize ameonaje. Kesho mpitie tena.

Anza na mtu mmoja

Najua tuko kwenye msimu na kila mtu ana haraka. Sikuombi uanze na kamati nzima. Chagua mtu mmoja anayeangalia watoto chini yako: mjumbe mmoja, mlezi mmoja, au dada wa nyumbani kwako. Mwambie siku. Siku hiyo ikifika, zima simu, kaa kwenye kigoda, anza na swali la "ulimwona kwa macho yako lini", halafu nyamaza umsikilize. Dakika za kwanza atakuambia "salama". Endelea kukaa. Maneno yenyewe huja baada ya hapo.

Shamba likikosa palizi mwaka huu, mwakani utalima tena. Mtoto ana miaka 13 mara moja tu.

Ukishajaribu, tukionana mnadani au shambani niambie imekwendaje, hasa pale palipokushinda. Wiki ijayo tutarudi kwenye mpunga: namna ya kukausha na kuhifadhi ili usikatike mashineni wakati wa kukoboa. Kazi njema.